Kopo na Chujio

Vitufe viwili vilibonyezwa pamoja gizani: ka.

Ludovika alikuwa macho tayari, amelala ubavu, pumzi ya mwanawe ikimpiga kifuani. Ilikuwa ile saa ya alfajiri ambayo jogoo wa Nangwa bado hawajajipanga kuwika, na baridi ya Mlima Hanang imekwisha kupenya chini ya mlango. Mke wa fundi redio hujifunza mambo ambayo hakuomba kufundishwa. Alijua kwamba mtu anayetaka kusikiliza kanda hubonyeza kitufe kimoja. Viwili kwa pamoja ni vya kurekodi.

Upande wa pili wa ukuta, katika chumba ambacho mumewe alikiita studio na majirani wakakiita stoo ya Theodory, mtu alianza kuzungumza kwa sauti ya chini. Maneno hayakupenya tofali. Kilichopenya ni mwendo wake tu, mwendo wa mzee anayepanda mwinuko: neno, pumziko, maneno mawili, pumziko. Ludovika aliujua mwendo ule. Ulikuwa wa baba mkwe wake, Mzee Hhando, na Mzee Hhando alikuwa na siku thelathini na moja kaburini.

Alimvuta Sikola karibu zaidi, akamfunika hadi masikio.

Theodory aliporudi kitandani nyayo zake zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mkewe alimwuliza alikotoka. Akajibu kwamba alikuwa anaijaribu betri, maana ile betri ya gari iliyokuwa ikiendesha vyombo vyake imeanza kuchoka. Ludovika akasema haya.

Hakuna aliyekuwa hajui kipaji cha Theodory. Aliweza kumwiga padre, akamwiga dalali wa mnada wa Katesh, na zaidi ya wote akamwiga baba yake mzazi. Mzee mwenyewe, enzi za uhai wake, alikuwa akicheka hadi machozi yanamtoka, akisema kwamba akifa wasihangaike na msiba, wamweke tu huyu kwenye kiti chake, wageni hawatajua. Ludovika naye alikuwa akicheka. Sasa alilala akiwa ameyakodoa macho gizani, akijaribu kukumbuka ni nini hasa kilichokuwa kinachekesha.

*

Jumapili, baada ya misa, ndugu walikutana sebuleni. Nikolausi, kaka mkubwa, alikuja kutoka Katesh na koti lake la mnadani lililomkaa kama alishonewa yeye. Gaudensia, dada yao, hakuwa na safari ndefu. Alikuwa akiishi nyumba ya nyuma tangu ndoa yake ya Dirma ilipomshinda, miaka miwili nyuma, mwaka uleule Manyara ilipotengwa na Arusha ikawa mkoa. Alirudi na watoto wawili na godoro. Mzee alimwonyesha shamba la bondeni, lile lenye udongo mweusi, akamwambia alime. Hakumwandikia karatasi. Mzee Hhando hakuwa mtu wa karatasi.

Na sasa Nikolausi alikuwa amempata mkulima wa ngano aliyetaka kulikodi shamba hilo kwa miaka mingi. Gaudensia angeenda wapi, hilo halikuwa na mtu wa kulijibu.

Ndipo Theodory alipotoa kanda. Alieleza kwamba baba aliingia studio mwenyewe, wakati wa Kwaresima, akasema arekodiwe. Akabonyeza kitufe kimoja.

Sauti ya Mzee Hhando ilijaa sebule. Ilizungumza kwa lugha ya nyumbani, taratibu, safi, pumzi zake zikisikika kana kwamba amekaa pale kwenye stuli karibu na dirisha, alipozoea kushinda na Sikola wakubwa wakiwa kazini. Shamba la bondeni nimempa Gaudensia. Nikolausi asimwondoe. Nimesema nikiwa na akili zangu.

Gaudensia alijifunika uso kwa khanga. Nikolausi hakujifunika kitu. Aliomba kanda irudishwe mwanzo, akasikiliza tena, kidole kidevuni, kisha akatabasamu.

"Ni baba kabisa," alisema. "Ila niambie, mdogo wangu. Tangu lini baba akamaliza maneno matatu bila kukohoa? Au mlimrekodi akiwa ameshapona, huko aliko?"

Theodory alijibu kwamba siku hiyo kifua kilikuwa kimetulia. Alijibu haraka mno. Nikolausi hakubishana, alisema tu kwamba kikao cha ukoo ni Jumamosi, Baba mdogo Tadeo ndiye atakayekaa kitini, na kanda hiyo ije, kila mwenye masikio asikie. Akaaga. Mlangoni akamgeukia Ludovika, aliyekuwa amebeba sinia la vikombe.

"Shemeji, wewe unasoma masomo ya jioni. Huko hawajawafundisha namna ya kumtambua mtu aliyekufa akiongea?"

Ludovika alisema mwalimu bado hajafika hapo. Walicheka wote wawili, na hakuna aliyefurahi.

*

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kutazama. Alimtazama mumewe akizungumza na Gaudensia kwenye ua wa minyaa, akajiuliza wanapanga nini. Alitazama jinsi anavyokula, jinsi anavyofunga studio kwa kufuli ambayo zamani ilikuwa ikining'inia wazi. Je, wamekubaliana kugawana shamba? Na kama mtu anaweza kumfufua baba yake kwa koo, basi yale maneno aliyowahi kumwambia yeye, Ludovika, kule Gitting walikokutana kwenye kwaya, alikuwa akimwiga nani?

Lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa jambo dogo, na lilikuwa masikioni. Sauti ile ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Theodory alipoanza studio hakuwa na fedha ya maiki ya dukani. Alichomoa kutoka redio mbovu kile kidude chenyewe cha kunasa sauti, kidogo kama kifungo cha shati, akakiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga aliyonyweshwa Sikola akiwa mchanga. Kifuniko akakitoboa kwa msumari. Aliliona ni jambo la akili sana. Kwaresima ile kwaya moja ya Gitting ikaja kurekodi, na waliposikiliza, wote walisikika kama waliofungiwa ghalani. Tena kulikuwa na noti moja ambayo kila Oliva, mmoja wa waimbaji, alipoifikia, ngurumo nyembamba ilizuka na kuendelea hata wimbo ulipokwisha. Mwalimu wa kwaya alimrudisha Oliva mstari wa nyuma. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba dada huyo anaimba na jambo moyoni. Oliva alilia, akaacha kwaya, na ngurumo haikuacha.

Wiki kadhaa baadaye Theodory aligonga kopo kwa ukucha, akasikia noti ileile. Alimweleza mkewe usiku huo, kwa uchungu wa mtu aliyemsingizia mwenzake. Sauti ikiingia koponi haina pa kutokea, alisema. Inagonga ukuta, inarudi, inakikuta kidude mara ya pili na ya tatu. Na kopo lenyewe lina sauti yake, linampa kila mtu, apende asipende. Kidude hakina kosa. Kosa ni la nyumba yake.

Ndipo akatengeneza nyumba nyingine. Alichukua machujio mawili ya chai, akayaelekezanisha kama maganda ya yai, akakining'iniza kidude katikati kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ili kisiguse waya. Mbele wazi, nyuma wazi. Sauti inaingia, inapita, inakwenda zake. Kwaya iliyofuata ilitoka safi, kila pumzi mahali pake.

Safi, kama Mzee Hhando alivyotoka safi sebuleni.

Na mojawapo ya machujio yale lilikuwa la Ludovika, lile kubwa la wageni. Siku zote tatu za matanga alichuja kwa mikono yake chai ya waombolezaji kwa chujio lile, mpaka mpini ukalegea akaukaza kwa waya. Lilipotea jikoni baada ya watu kutawanyika.

Maiki iliyonasa sauti ile haikuwa imezaliwa mzee alipokuwa hai.

Hata hivyo alitaka uhakika wa masikio yake mwenyewe. Jumatano mchana Theodory alikwenda Katesh kuichaji betri ya akiba akauacha ufunguo wa studio kwenye suruali ya kazi. Ludovika aliingia studio na Sikola mgongoni. Kidude kilitoka kwenye machujio bila shida. Alikitia koponi, akabonyeza vitufe viwili, akasema jina lake na jina la mwanawe. Aliposikiliza alisikia mwanamke asiyemjua, mtu mzima, mwenye pua iliyoziba na jambo la kuficha. Akakirudisha kwenye machujio, akasema tena majina yaleyale. Akajisikia mwenyewe, hata kile kigugumizi kidogo alichodhani alishakiacha shule ya msingi.

Alikaa chini kwenye sakafu. Mtoto alimwuliza kwa nini anakaa chini. Alisema amechoka, na huo haukuwa uongo.

*

Jioni walikuwa wakimenya maharage mabichi, beseni katikati yao, Sikola akichezea maganda. Ludovika hakumwuliza mumewe kuhusu kanda. Alimwuliza kuhusu vyombo.

"Baba Sikola, chujio langu la wageni ulilichukua lini?"

Mikono ya Theodory ilisimama. Alilirudisha harage kwenye beseni.

"Baada ya msiba," alisema.

"Na baba alirekodiwa Kwaresima."

Theodory aliinuka. Aliingia studio, akatoka na kanda nyingine, haina jina, pembe yake imevunjika. Aliiweka kwenye redio bila kumtazama mkewe, akabonyeza.

Ludovika alidhani mwanzoni ni hitilafu. Kitu kilikuwa kikizungumza ndani ya chungu. Kila neno lilikuwa na mkia wa ngurumo, na ngurumo ililimeza neno linalofuata, kisha ikalitema likiwa limegeuka. Shamba, ilisema, na kopo likaitikia. Maneno yalieleweka, mwenye maneno hakueleweka. Hakuwa mzee, hakuwa kijana, hakuwa hata mtu wa Hanang. Baada ya sentensi mbili Ludovika alinyoosha mkono na kuizima redio mwenyewe. Hakuweza kusikiliza zaidi.

Theodory akasema basi hiyo ndiyo yenyewe. Baba alikaa kwenye stuli, akasema aliyoyasema, na kopo likamfanya asiye mtu. Alikusudia kumrekodi upya nyumba mpya ya maiki ikikamilika; alikuwa amekwisha kumwahidi. Mzee hakungoja. Baadaye, kila alipoisikiliza, alimwona Nikolausi akicheka, akamwona Gaudensia akifunga godoro. Kwa hiyo alichukua maneno yaleyale, neno kwa neno, hakuongeza hata moja, akayasema kwa sauti ya baba kwenye maiki nzuri. Alidhani anamfutia baba uchafu tu. Kama mtu anavyofuta kioo.

Ludovika alimsikiliza mpaka mwisho. Alitaka kumwamini, kwa namna mwenye njaa anavyotaka ugali uive. Lakini shaka ikishaingia haichagui pa kukaa.

"Na hii nitajuaje?" alisema polepole. "Kopo bado lipo. Kidude kinatoka na kuingia, nimejaribu mwenyewe. Nitajuaje kwamba hii hukuitengeneza leo asubuhi?"

Theodory alifungua kinywa. Ludovika aliona, pengine kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kwamba mumewe hakuwa na sauti ya mtu yeyote ya kumjibia. Hata yake mwenyewe.

"Hujui," alisema Theodory.

Sikola alikuwa amelala juu ya maganda. Ludovika alimwinua, akamfuta majani mashavuni. Alisema Jumamosi ile kanda nzuri haitachezwa kama ushahidi. Theodory akasema hawataiamini ya kopo. Ludovika akamjibu kwamba hata yeye haiamini, na ndiyo maana lazima wote waisikie.

*

Kikao kilifanyika uani, mchana, watu wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Ludovika alipita akiamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, mkono wa Sikola ukiwa ndani ya mkono wake. Baba mdogo Tadeo, ndugu pekee wa marehemu aliyebaki hai, alifungua kwa sala, kisha akamtaka Theodory aeleze.

Theodory alisimama akasema kwamba kanda ya Jumapili ni sauti yake yeye. Hakusema kwa kuzunguka. Ua ulinguruma. Mtu mmoja nyuma alisema huyo sasa akamatwe kabla hajawaiga na wao. Gaudensia alimtazama kaka yake kama mtu aliyevuliwa paa mvua ikinyesha. Nikolausi alinyoosha miguu, akapiga makofi mawili, taratibu.

Theodory akaendelea kwamba iko ya kweli, ila ni mbovu. Nikolausi akauliza kama iko pia ya tatu, ya kati na kati.

Hapo Ludovika akaomba ruhusa ya kusema. Mwanamke aliyeolewa hasimami ovyo katika kikao cha ukoo wa mume, na Baba mdogo Tadeo alimtazama, akainamisha kichwa kumruhusu. Ludovika alilitoa kopo kwenye kikapu, kidude kikiwa kimerudishwa ndani, akauchomeka waya wake kwenye redio.

"Shikamoo tena, wazee wangu. Mimi sijui kanda hiyo ni ya kweli au si ya kweli. Ninachojua ni hili kopo. Shemeji Nikolausi, nakuomba useme hapa jina lako na la baba yako."

Nikolausi alitazama kushoto na kulia, akaona hana njia ya kukataa bila kuonekana mwoga. Ludovika alibonyeza vitufe viwili; Nikolausi akainama, akasema kwa madaha. Ludovika akairudisha kanda, akaicheza.

Kitu kikaguna ndani ya chungu. Benchi la wanawake lilianza kucheka, kisha la vijana. Shangazi mmoja aliuliza ni nani huyo ng'ombe aliyebatizwa Nikolausi.

"Huyo si mimi," alisema Nikolausi, na alisema kwa hasira ya kweli.

"Ni wewe, shemeji. Sote tumekuona."

Kicheko kilikwisha polepole, kikaacha kitu kingine mahali pake. Baba mdogo Tadeo aliomba kopo, akaligonga kwa ukucha, akaliweka sikioni, akalirudisha. Kisha akaamuru kanda ya mzee ichezwe yote, na mtu asikohoe.

Ngurumo ile ilianza tena. Shamba. Bondeni. Ludovika alikaa na Sikola mapajani, akatazama nyuso badala ya kusikiliza. Aliona Baba mdogo Tadeo amefumba macho, paji limekunjamana, akimtafuta kaka yake humo ndani asimpate. Aliona Gaudensia akitingisha kichwa bila kujua. Nikolausi alikuwa ametulia, na utulivu wake ulikuwa wa mtu anayeshinda. Theodory alikuwa amesimama kando ya redio kama aliyeletwa mahakamani. Na yeye mwenyewe, mke wake, aliyemlalia kifuani miaka sita, alitega sikio kwa nguvu zake zote na hakumsikia mzee. Alisikia kopo.

Jina la Gaudensia likapita. La Nikolausi likapita. Kisha sauti ikanyamaza, lakini kanda ikaendelea kuzunguka, na katika ule ukimya pakasikika mlio mkavu, ulimi ukigonga kaakaa, mara mbili, halafu mara moja tena. Haukuwa na noti yoyote ndani yake. Kopo halikupata cha kuitikia. Ulitoka mtupu kama ulivyoingia. Hakuna aliyeutilia maanani. Nikolausi alikuwa tayari anainuka kusema.

Sikola aliteleza kutoka mapajani mwa mama yake. Ludovika alimshika gauni, gauni likamponyoka. Mtoto alikatiza uani kati ya miguu ya wazee, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwenye kazi yake ya kila siku, akafika kwenye ndoo iliyofunikwa karibu na mlango wa jiko. Akafunua. Akazamisha kikombe cha bati, akakitoa kwa mikono miwili, maji yakimwagikia miguu, akarudi nacho hadi mbele ya redio. Hapo akasimama, akatazama huku na huku, hajui amkabidhi nani.

Baba mdogo Tadeo alifumbua macho.

"Babu anataka maji," alisema Sikola.